Mwenye Jumamosi

Orkestra ya Mirongo, mjini Mwanza, ilikuwa na wapigaji tisa, na katika juma zima siku moja tu ndiyo iliyowakutanisha wote. Luhaga wa kodiani alifanya kazi kwenye kinu cha pamba. Abeid wa udi alikata tiketi stesheni, zamu yake ikimkalisha dirishani hata Ijumaa jioni. Malimi, aliyejifunza fidla kwa mapadri, Jumapili alikuwa mali ya kwaya, na padri hakuwa mtu wa kugawana. Ilibaki Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa mtaa. Jumamosi ikiondoka, orkestra haipo. Fundi Salehe, kiongozi wao, alilijua hilo kama alivyojua kipimo cha kiuno cha kila mtu mzima wa Mirongo, maana alikuwa mshonaji.

Mwaka huo wa 1961 Jumamosi iliongezeka thamani. Uhuru ulipangiwa tarehe tisa Desemba, na tarehe tisa Desemba ilikuwa Jumamosi. Salehe alikwisha kutunga machi ya siku hiyo, muziki wa gwaride usio na maneno, unaoanza polepole kabisa. Mkewe Zakia, mwimbaji wa orkestra, alipoisikia mara ya kwanza aliuliza kama huo ni uhuru au ni maziko.

"Ni heshima," alisema Salehe.

"Aa," alisema Zakia.

Mwezi wa nane, mavuno yakiwa yamekwisha, kikundi cha ngoma cha Mabatini nacho kikaiomba Jumamosi. Kiongozi wao aliitwa Nkwabi, fundi baiskeli, mtu mwenye sauti ya kuvusha ng'ombe mto. Mzee Mayala, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, akawaita wote wawili.

"Ukumbi ni mmoja na Jumamosi ni moja," alisema. "Mimi sitaki maneno ya kila wiki."

"Basi tushindane, mzee," alisema Nkwabi. "Jumamosi hii, hapo uwanjani, kwa desturi."

"Kwa desturi," Salehe alikubali upesi. Alikuwa na hakika ya kushinda. Kikundi chenye fidla mbili kingeshindwaje na watu wanaocheza na majembe?

Hakuna aliyeuliza desturi ipi. Kwa Salehe, aliyezaliwa mjini kwa baba wa Tabora na mama wa Ujiji, kikundi kimoja hupiga, humaliza, hushukuru, ndipo cha pili huanza. Kisha waamuzi hunong'onezana. Kwa Nkwabi na Mzee Mayala, waliokulia Usukumani, vikundi viwili huanza pamoja, uwanja mmoja, na watu huamua kwa miguu yao. Anayemkausha mwenzake watazamaji ndiye mshindi. Kila upande uliona jambo hili liko wazi mno kuhitaji maelezo.

Siku ilipofika, wapigaji tisa walivaa makoti meusi aliyoyashona Salehe mwenyewe kwa kitambaa cha msimu wa baridi ambao Mwanza haina. Mabenchi ya ukumbi yalikuwa machache na mabovu, kwa hiyo Mirongo walikuwa na taratibu yao: kila nyumba ilikuja na kiti chake, na waliotangulia waliwaazima wapigaji. Ilikuwa sifa kusema kwamba leo fidla imekalia kiti chetu. Abeid alikalia kiti cha Bi Moza, muuza vitumbua, ambaye mwenyewe alijikunja kwenye mkeka mstari wa mbele na kumwambia kila aliyepita, "Kile cha udi ni changu."

Salehe alikuwa akikaza nyuzi alipoona watu wa Mabatini wakitandaza ngoma zao upande wa pili wa uwanja uleule. Akawaendea.

"Nkwabi, nyinyi ni wa pili. Subirini kwanza."

"Wa pili wa nini, Fundi?"

"Wa kupiga. Mkipiga na sisi tukipiga, nani atatusikia?"

Nkwabi akamtazama kwa huruma ya kweli. "Hilo ndilo shindano lenyewe."

Salehe alimgeukia Mzee Mayala. Mzee alikuwa ameketi katikati ya uwanja na filimbi mdomoni. Aliitoa kidogo tu ili aseme, "Rudi kwako, Fundi, nataka kupuliza."

Akapuliza.

Orkestra ilianza na machi ya Uhuru, kwa kuwa Salehe alikataa kubadili mpango. Ile heshima ya mwanzo haikusikika hata na Malimi aliyekuwa pembeni yake. Upande wa pili ngoma zilishika kwa mkupuo, majembe yakarushwa juu yakameta, yakadakwa nyuma ya mgongo. Hata hivyo watu wa Mirongo hawakuondoka, na Salehe akaanza kupata moyo. Aliyahesabu haya kuwa mapenzi ya muziki. Kwa kweli ilikuwa habari ya viti: aliyeacha kiti chake upande wa Mirongo hakuwa na uhakika wa kukikuta, na aliyekikuta hakuwa na uhakika kwamba ndicho. Basi walikaa, shingo zimegeuka kama za korongo.

Ndipo Shimba, mchezaji mkuu wa Mabatini, alipoingia uwanjani akicheza na nungunungu hai aliyefungwa kamba.

"Amemvalisha kofia!" mtu alipiga kelele.

Mama mmoja alisimama, akakunja mkeka, akaweka kiti chake kichwani na kuvuka. Akamfuata wa pili, wa tatu, kisha safu nzima ya nyuma, viti vikiwa vichwani miguu juu, kama msitu unaohama. Huko upande wa Mabatini walivisimamisha nyuma ya umati na kupanda juu yake waone vizuri. Bi Moza aliona hayo yote. Alivumilia mpaka machi ilipofika mahali ambapo udi hubaki peke yake. Akasogea kwa adabu mbele ya orkestra.

"Mwanangu Abeid, inuka kidogo."

Abeid aliendelea kupiga huku akimtazama Salehe. "Bi Moza, niko katikati ya wimbo."

"Wimbo nakuachia. Nataka kiti."

"Bi Moza!" alisema Salehe kwa sauti ya chini ya kutisha. "Si ustaarabu huu."

"Ustaarabu ni nini, Fundi? Nimekuazima kwa hiari, nachukua kwa hiari. Huko yupo nungu amevaa kofia, na mimi ni mfupi."

Abeid aliinuka. Bi Moza alikipangusa kiti kwa upindo wa khanga, kana kwamba udi huacha vumbi, akaondoka nacho. Baada ya hapo wenye viti wengine hawakuona aibu tena. Walikuja mmoja mmoja, wakigusa bega la mpigaji na kusema samahani. Punde orkestra nzima ilikuwa imesimama, mbele yao mikeka mitupu na watoto wawili waliolala.

"Twende," alisema Zakia.

"Wapi?"

"Waliko watu."

"Orkestra haitembei, Zakia. Bendi ya polisi ndiyo inayotembea."

"Basi baki uilinde mikeka."

Akaanza kuimba, si machi, bali wimbo wa arusi ambao Mirongo nzima iliujua, na akaanza kutembea. Luhaga, aliyekuwa na kodiani kifuani na hakuhitaji kiti wala ruhusa, akamfuata. Akafuata Abeid, kisha wa tari. Malimi alimtazama Salehe kwa namna ya mtu anayeomba radhi kanisani, naye akaenda. Salehe alisimama peke yake na fidla yake kwa muda wa kutosha kuona kwamba fidla moja si orkestra. Kisha akawakimbilia, koti zito likimpiga mapajani.

Walipofika, umati uligeuka. Waliosimama juu ya viti walishuka. Wapiga ngoma wa Mabatini walisikia kodiani ikija, wakapunguza, kwanza kwa mshangao, halafu kwa kupenda. Shimba alimpa mtu kamba ya nungunungu aishike, akacheza arusi. Alasiri ile yote Salehe alikuwa ameona visogo vya watu na visigino vyao. Sasa alizungukwa na nyuso, karibu kiasi cha kuonekana meno, na zote zilikuwa zikimsikiliza. Alifumba macho akapiga kama hakuwahi kupiga. Alipoyafumbua alikuwa na hakika kwamba ameshinda.

Mzee Mayala akapuliza filimbi.

Alisimama, akatazama upande wa Mirongo, uliokuwa na mikeka na wale watoto wawili. Akatazama upande wa Mabatini, uliokuwa na dunia nzima.

"Nkwabi," alisema.

"Hapana, mzee!" Salehe alijipenyeza mbele. "Hawa walikuwa wanatusikiliza sisi! Muulize yeyote!"

"Sina haja ya kuuliza. Wako upande wa nani?"

"Wamesimama tu kwa Nkwabi, lakini—"

"Na wewe umesimama kwa nani?"

Salehe aliitazama miguu yake. Haikuwa na shaka yoyote ilikosimama.

"Nimeamua mashindano tangu nikiwa na meno yote," alisema Mzee Mayala, bila ukali. "Watazamaji kuhama nimeona. Mchezaji mmoja kutoroka nimeona. Kikundi kizima kuhama na vyombo vyake, na kiongozi akija mbio, hilo leo ndiyo mara ya kwanza. Nkwabi amekushinda na wewe mwenyewe ukiwemo kwenye hesabu."

Watu walicheka, na Bi Moza alicheka zaidi, kwa kuwa alikuwa juu ya kiti.

Jumamosi iliyofuata ngoma za Mabatini zilisikika mpaka dukani kwa Salehe, naye alishona akikanyaga cherehani kwa nguvu isiyohitajika na suruali. Fidla ilitundikwa. Abeid alipita akauliza kama kuna mazoezi. Salehe akamjibu kwamba mazoezi ni ya watu wenye siku. Luhaga alianza kuonekana Mabatini na kodiani yake. Mtu alipomletea Salehe habari hiyo alijibu tu kwamba Luhaga ni mtu huru. Machi ya Uhuru aliikunja akaiweka chini ya vitambaa vya bitana, ambako Zakia aliiona kila alipotafuta bitana.

"Nenda kamwombe siku moja tu," alimwambia. "Tarehe tisa. Hatakataa."

"Nilishindwa mbele ya watu. Siwezi kwenda kuomba nyuma yao."

"Kumbe kilichobaki ni kununa. Haya, nuna, baba, cherehani haina masikio."

Mvua za kwanza zilinyesha mapema Novemba. Siku iliyofuata Nkwabi aliegesha baiskeli mbele ya duka, matope yakiwa yamemfika magotini. Akamwamkia kwanza kwa Kisukuma, kisha akakaa bila kukaribishwa.

"Fundi, watu wangu wanakwenda kulima. Nusu wameshaondoka. Shimba yuko Kisesa tangu juzi."

"Mungu awape mvua njema," alisema Salehe, akitunga uzi.

"Kwa hiyo kuanzia sasa mpaka mavuno Jumamosi yangu haina mtu. Nimekuja unishikie."

Uzi ulilikosa tundu la sindano. "Nikushikie vipi?"

"Kama mtu anavyomshikia mwenzake ng'ombe. Unakamua, unakunywa maziwa. Ng'ombe anabaki wangu."

Salehe alilamba ncha ya uzi. Kutoka Novemba mpaka mavuno ni msimu wa mvua, na ukumbi ule una paa la mabati. Fidla ingesikika pale mvua inapopumzika. Lakini Desemba nayo ilikuwamo. Alijitahidi uso wake usiseme hivyo.

"Nitafikiri," alisema.

"Fikiri. Nami nina sharti moja," alisema Nkwabi. "Tarehe tisa sitalima. Siku hiyo nitakuwa hapa, na nitapiga ngoma yangu ndani ya orkestra yako."

"Ile kubwa?"

"Sina ndogo."

"Nkwabi, machi yangu inaanza polepole. Ngoma ile itaifunika kama blanketi."

"Luhaga amenipigia hiyo machi. Nzuri. Lakini Fundi, watu wamengoja siku hiyo miaka yote hii, halafu wewe uwaambie wangoje tena fidla ichangamke?"

Nyuma ya pazia Zakia alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Salehe aliweka sindano chini. Angeweza kukataa. Angebaki na machi yake safi, bila ngoma ndani, bila siku ya kuipigia, na bila watu wa kuipiga. Aliinua vitambaa vya bitana, akaitoa ile karatasi, akainyoosha mezani kwa kiganja. Aliitazama sana sehemu ya mwanzo. Kisha akachukua chaki ya kushonea, akaukata mstari wa kwanza wote, ule wa heshima, na wa pili pia.

"Utaingia hapa," alisema, akigusa pale ulipoanza mstari wa tatu. "Si kabla."

"Hapa ndipo mwanzo sasa."

"Najua ndipo mwanzo. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Usichelewe."

Nkwabi alisimama, akaikung'uta suruali yake yenye matope juu ya sakafu safi ya duka.

"Nikichelewa mtanisubiri," alisema. "Siku ni yangu."