Tangi la Nyuma

Mjane alikuwa amechutama mbele ya karai, akiosha nati kwa mafuta ya taa, pikapu ya tajiri ilipoletwa gereji ikivutwa kwa kamba. Aliijua. Mumewe aliiendesha miaka mingi, mpaka tajiri alipomfukuza mbele za watu akidai anaiba dizeli: tangi la mbele linajazwa asubuhi, jioni kavu. Mume aliapa, hakusikilizwa. Akafa na jina hilo la mwizi, kama mtu aliyezikwa na viatu vya mwenzake.

"Mgonjwa wenu huyo," alisema dereva mpya. "Anakunywa kuliko mlevi siku ya mshahara."

Fundi akapima pampu, nzima. Akachomoa filta, safi. Akaifuata mipira ya mafuta hadi kwenye swichi ya kubadilishia matangi, akamwita mjane kutoka chini ya gari.

"Shemeji, hebu njoo. Gari linanyonya tangi la mbele, mafuta yanayobaki linayarudisha kwenye la nyuma. Swichi imekwama. Na geji ya nyuma ilishakufa, nani angejua?"

"Kwa hiyo hakuiba."

"Aibe nini? Mafuta si haya hapa?"

Akafungua nati ya chini ya tangi la nyuma. Dizeli ikatoka. Likajaa debe, yakajaa madumu, likajaa pipa. Tangi lenyewe halikuzidi sanduku la nguo. Fundi akasogeza pipa la pili.

"Lingekuwa limeshafurika zamani," alisema.

"Limemsitiri," mjane akajibu.

Ikatoka dizeli ya safari za saruji, ina vumbi jeupe. Ikatoka ya wiki ile aliyofukuzwa mumewe, bado vuguvugu. Mjane akanawa mikono, akajifunga kitambaa upya kichwani, akamngoja tajiri. Alitaka neno moja tu, litamkwe mbele za watu walewale.

Tajiri alikuja, watu wakakusanyika; akachovya kidole kwenye dizeli, akanusa. Fundi akamweleza habari ya swichi, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Basi amerudisha," akasema. "Mimi sina kinyongo. Nimemsamehe."

"Hakuchukua, baba."

"Mama, kama hakuchukua, amerudisha nini?"

Watu wakaona neno lina uzito. Fundi alikuwa akifuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Dizeli haikukatika. Mapipa ya tajiri yalipojaa, akaruhusu majirani wachote, uwanja usije ukafurika. Wakapanga mstari na madumu yao. Mjane ndiye aliyeshika faneli.

"Mungu amrehemu mwizi yule," walisema waliojaziwa. "Wezi wa siku hizi hawarudishi."

"Amina," mjane aliitikia, na kuomba dumu linalofuata lisogezwe.