Shati Jeupe, Kitambaa Cheupe

...na hata hilo shati lenyewe, aliwaza Kahaso, jicho moja amelifumba na jingine amelibandika kwenye kamera, hilo shati halikununuliwa kwa ajili ya safari, ni shati la shule, maana juu ya mfuko wa kushoto kuna duara dogo lililobaki jeupe kuliko kwingine, lenye vitundu vya sindano pande zote, pale nembo ilipokuwa imeshonwa na mtu akaifumua, na mwanamke wa miaka ishirini na minne, kama kinavyosema kikaratasi alichokabidhiwa na huyo anayejiita mjomba, haji kupigwa picha ya pasipoti na shati la shule lililofumuliwa nembo... labda hana nguo nyingine, huko kwao Kinango mvua imekosa misimu miwili na ng'ombe wamekwisha, labda shati ni la mdogo wake... lakini shingo ile, mifupa ile ya bega, hiyo si shingo ya miaka ishirini na minne. "Inua uso kidogo, mwanangu," akasema, na msichana akainua, akamtazama yeye wala si kamera, na Kahaso akajifanya anarekebisha lenzi ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Jina lake Mbeyu. Alipoingia alitoa shikamoo kwa sauti ya kusikika kwa shida, na yule mwanamume akadakia kabla hajaulizwa, kwamba yeye ni Sefu, mjomba wake, tumbo moja na mama yake Mbeyu, wote Waduruma wa Kinango, kwamba binti amebahatika kupata kazi ya nyumbani Arabuni, familia ya watu wanne tu, wachamungu, na kwamba wanataka picha nne ndogo, na moja kubwa ya mwili mzima, na nyingine ya ubavuni. Ya ubavuni. Miaka mitatu Kahaso ameiendesha studio hii ya Ukunda na hajawahi kuona pasipoti inayotaka ubavu wa mtu, hivyo ndivyo wanavyopigwa picha mbuzi wa kuuzwa kwa simu... Na sasa huyo Sefu ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje, kwa sababu mtandao humu ndani haushiki, anazungumza na simu huku akiitazama tuktuk aliyoiacha ikinguruma barabarani, na maneno yanaingia vipande vipande, ...ndiyo bosi, tuko kwenye picha... la, hana shida, mpole sana... Lunga Lunga kabla ya alasiri... Lunga Lunga kufanya nini, anayekwenda Arabuni hupandia ndege Mombasa, Lunga Lunga ni mpaka wa Tanzania, ni malori na bodaboda zinazojua vichochoro, na ni nani huyo anayemtengenezea Mkenya pasipoti ng'ambo ya mpaka? Umeanza, Kahaso, akajikemea, umeanza tena, kila mtu kwako mwizi, tangu urudi kutoka Arabuni humwamini hata mwuza maziwa, na mwaka jana si ulikwenda kwa jirani yako, mama yake Faith, ukamwambia usimwache mtoto aende, nimeyaona kwa macho yangu, na yule mama akakujibu mbele ya watu kwamba wewe lako lilikuharibikia na sasa una kijicho cha wenzio, ukarudi nyumbani ukaapa kwamba hutafungua mdomo tena, na juma lililofuata Faith akaja papa hapa, akakaa kwenye kigoda hicho hicho, ukampiga picha nzuri, ukamtakia heri, na tangu Ramadhani simu yake haipatikani. Haipatikani. Picha ile ilichukua muda gani, kufumba na kufumbua, na kidole kilichobonyeza ni hiki... "Dada, vipi, mbona hupigi?" akauliza Sefu kutoka mlangoni, na Kahaso akasema kamera inatafuta mwanga, neno lisilo na maana yoyote, lakini watu humwachia fundi maneno yake. Akamtazama tena. Viatu safi, tasbihi mkononi, sauti ya adabu, hakuna cha kumshika nacho, wala yule aliyempeleka Kahaso mwenyewe Arabuni hakuwa na cha kushikwa nacho, alikuwa mwanamke, tena wa kwao, mwenye Kiduruma safi cha kukufanya umkumbuke bibi yako, aliyemwita mdogo wangu na kumfungia chapati za njiani, na simu yake ilizimwa siku ile ile Kahaso alipofika kwenye nyumba ya ghorofa tatu, pasipoti ikachukuliwa mlangoni kana kwamba ni mwavuli, chumba cha kulalia hakikuwa na komeo upande wa ndani, na kila usiku kwa miezi kumi na minane alilala ameegemeza ubao wa kupigia pasi kwenye mlango, ili ukianguka uamshe nyumba nzima... na huyu je? Mjomba, Mduruma, tumbo moja na mama. Basi akamwambia yule mwanamume, kwa Kiduruma, polepole, bila kuondoa jicho kwenye kamera, kwamba kiti alichokalia kina mguu uliopasuka, ajihadhari kitamwangusha. Sefu hakutikisika. Aliendelea kuperuzi simu yake, kiti na mguu na yote, na ni Mbeyu aliyeshtuka, akayashusha macho haraka kwenye mguu wa kiti kisha akayarudisha. Loo. Mjomba wa Kinango asiyejua Kiduruma. Hapa hapakuwa na kushuku tena, maana shaka ni moshi tu na huu sasa ulikuwa moto wenyewe, na Sefu akainua kichwa, "Mnasema nini?", akajibiwa kwamba binti anaambiwa asikunje uso. Akakubali. Lakini macho yake yakabaki kwao. Na sasa nini, polisi, niwapigie dawati la jinsia, huyu Sefu atasema hapana kosa kumpeleka mtu kupigwa picha, wataniambia nilete ushahidi, duara jeupe juu ya mfuko wa shati, huo ndio ushahidi wangu... kuna Purity. Purity wa lile kundi la kuwasaidia wanaorudi kutoka Arabuni, aliyekuja mara mbili na Kahaso akamficha mengi, kwa sababu kila aliyewahi kumwambia nataka kukusaidia alikuwa na karatasi ya kutiwa sahihi, hata huyo Purity alikuwa na karatasi, akauliza kama anaweza kupiga picha makovu ya mikono yake, na Kahaso alipokataa akasema sawa, akaiweka simu mkobani, akanywa chai yake, akaacha namba. Alisema sawa. Mbona jambo hilo hakulipima siku ile, kwamba yule alikataliwa na akasema sawa? Akainama kwenye droo kana kwamba anatafuta betri, akamwandikia kwenye simu kwamba hapa studio yuko msichana mdogo, anavushwa Lunga Lunga leo, mwanamume si mjomba wake, na kabla hajaifunga droo jibu likaingia, "Niko Diani. Nakuja na afisa wa watoto. Mcheleweshe," hakuna swali, hakuna una uhakika, na machozi yakamjia pasipo ruhusa, akayameza. Akanyanyuka. "Shati hili halifai," akasema kwa sauti ya kazi, "jeupe mbele ya kitambaa cheupe cha ukutani, mtu anaonekana kichwa kitupu, zitakataliwa hizi." Sefu akasema piga tu, tuna haraka. "Zikikataliwa mtarudi kesho, kaka, mimi kwangu ni sawa," na lile la kesho likamchoma, akaitazama saa, akasema basi aazimwe nguo, upesi, na simu yake ikalia, akageuka nusu kuelekea nje, ...la bosi, bado kidogo... Kahaso akarudi nyuma ya kamera, akaweka kidole juu ya kitufe, na kwa Kiduruma, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu akae vizuri, akamwuliza una miaka mingapi, na Mbeyu, midomo haitikisiki, akasema kumi na tano. Unakwenda wapi? Mombasa, ameniambia ni nyumba ya dada yake, kulea mtoto, shule nitarudi muhula ujao, ya Arabuni nayasikia hapa hapa. Mama anamjua? Alikuja kijijini mara moja tu, na kitambulisho cha mama ameondoka nacho... Basi nisikilize, nyuma ya pazia hilo pametundikwa nguo, nyuma ya nguo upo mlango wa uani, kwa Maimuna fundi wa cherehani, mwambie Kahaso kakutuma, akufungie ndani, usimfungulie mtu mpaka aje mwanamke anayeitwa Purity, nami nitamwambia huyu kwamba unahangaika na vifungo. Ndivyo alivyosema, na mara akaingiwa na woga mwingine, je, huyu mtoto ataniamini kwa lipi, mimi naye nimemjia kwa Kiduruma kizuri, mimi naye nimemwita mwanangu, yule aliyenipeleka mimi alianza hivi hivi, na kama ana akili atanishuku... Mbeyu hakuondoka kwenye kigoda. Alimtazama Kahaso, kisha kwa pembe ya jicho mgongo wa yule mwanamume uliojaa mlangoni, kisha Kahaso tena, na akauliza chini kabisa, "Na wewe, dada, utabaki naye humu peke yako?" na Kahaso akaliondoa jicho kwenye kamera, kwa sababu ubalozini waliuliza alifanywa nini, na mama yake mzazi aliuliza kwa nini hakuvumilia, na majirani waliuliza alirudi na nini, na mtoto huyu wa miaka kumi na mitano, mwenye safari kama hii shingoni, anauliza yeye Kahaso atakuwa wapi... tuktuk bado inanguruma, pazia bado limetulia, kitufe bado hakijabonyezwa. "Nitabaki," akasema, na mara hii alisema kwa Kiswahili, kwa sauti yake yote, hata Sefu mlangoni akageuka akidhani anaambiwa yeye.