Mama Euphrasie Anamsemea Kasoki

Kujisifu, ndugu zangu, Kasoki hakukuweza kabisa. Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Butembo, mwenye duka la chumvi na sabuni pale Hombo, kimji cha msituni mashariki mwa Kongo, na kwao mtu mzima akijisifu anatazamwa kama mlevi. Sasa chuo kikubwa cha biashara, huko Ulaya, kilitaka hicho hicho! Kilikuwa kimemwita kwenye mahojiano kwa simu, mara moja tu. Akishindwa, basi.

Madame Colette, mwalimu wa Goma aliyemtayarisha bila kuchoka, alikuwa amemkanya: "Usiseme tu Mungu alisaidia. Sema wewe ulifanya nini."

"Lakini Madame, chema kinajiuza, kibaya kinajitembeza."

"Kule hata chema kinajitembeza, tena na viatu virefu!"

Siku ilipofika, Kasoki alikaa katika ofisi ya parokia, mahali mtandao unaposhika. Hakwenda peke yake. Mama Euphrasie, mkulima wa mawese kutoka msituni, aling'ang'ania kumsindikiza, amevaa kitenge cha harusi. Kwao binti akitakwa na watu wa mbali hajisemei mwenyewe. Anasemewa na mtu mzima anayemjua. Chuo ama wakwe, kwake yote yalikuwa mamoja. Kasoki alicheka, akamwekea kiti.

Profesa aliuliza kwa Kifaransa: vita vilipofunga barabara, yeye Kasoki alifanya nini?

"Wamama walijitahidi sana," Kasoki alijibu. "Na Mungu alisaidia."

Lo! "Na wewe?" profesa aliuliza tena. Kasoki akaikodolea simu macho. Nafasi ilikuwa inamponyoka hivi hivi, anaiona.

"Wanauliza nini?" Mama Euphrasie alinong'ona. Alipoambiwa, aliruka. "Na wewe unanyamaza? Leta ile telefone! Mimi nitasema, wewe utafsiri yote, usiache kitu."

Basi Kasoki akatafsiri sifa zake mwenyewe, uso ukimwaka kwa haya. Kwamba chumvi ilipokwisha, yeye njo, yeye mwenyewe, alikusanya wamama wabebe mafuta ya mawese kwa njia za msituni, warudi na chumvi. Kwamba kwenye kila bariere, kizuizi cha njiani cha watu wa bunduki, yeye njo alitangulia kuongea nao, wenzake wakingoja nyuma kwenye miti.

"Sema tena: kama hangetangulia, mimi singekuwa hapa."

Hapo Kasoki alitafsiri neno moja moja. Profesa alimngoja mpaka akamaliza, kisha akauliza: "Na tukimchukua, huko kwenu nani atatangulia?"

Mama Euphrasie hakufikiri mara mbili. "Mimi. Alishanifundisha."

Walimchukua. Madame Colette alipiga simu akilia na kucheka, na Kasoki alimwambia asante, asante, mpaka simu ikakatika. Moyo wake ulikuwa umejaa, hakujua aanze kumshukuru nani.

Asubuhi ya safari, Mama Euphrasie akimsindikiza tena, gari lilisimama kwenye bariere ya kwanza. Kasoki alishika mlango kwa mazoea.

"Bakia ndani, mutoto wangu," Mama Euphrasie alisema, na akashuka wa kwanza.