Nyumba ya Bibi Clorinda Ilipovuka Maji

Babu hakumaliza hata mwaka kaburini, mashemeji wakamwambia bibi yangu Clorinda kwamba kiwanja ni cha ukoo wao. Bibi akawajibu, "Kaeni na udongo wenu. Nyumba ni yangu, naondoka nayo!"

Na kweli. Kwetu, visiwani Chiloé, nyumba ya mbao huhama. Hung'olewa nzima, ikaburutwa na maksai hadi ufukweni, ikafungiwa mapipa, ikaelea mpaka kisiwa kingine. Hii aliijenga baba yake bibi kwa mikono yake, na mama yangu alizaliwa kando ya jiko lake. Bibi alitaka kuihamishia kisiwa alikozaliwa. Ila kazi hiyo ni ya msaragambo, ya kusaidiana bila malipo: lazima upite mlango kwa mlango ukiomba watu, na bibi yangu, jamani, kuomba hakujui.

Nilimsindikiza. "Wewe Abelardo! Paa lako lilipopeperushwa, nani alikulisha? Jumamosi uje na maksai wako. Usichelewe!" Huko ndiko kuomba kwake. Niliona aibu mpaka nikacheka.

Nyumba moja tu aliipita kimya, ya mzee Onofre, mwenye maksai wenye nguvu kuliko wote. Maksai hao waliwahi kummalizia bibi viazi shamba zima, naye akawatandika kwa sufuria, na tangu mama hajaolewa bibi na mzee huyo hawasalimiani.

"Bibi, tumwombe na huyu."

"Labda nife kwanza."

Jumamosi watu walifurika. Bibi aligoma kutoka ndani. Alikaa jikoni akikaanga mikate ya viazi, moshi ukitoka dohani huku nyumba inatembea. Tulicheka, tukaimba. Ufukweni, upande mmoja wa nyumba ukazama matopeni. Maksai wakavuta, wapi! Maji nayo yalishaanza kupanda, na yakiikuta imekwama vile, yangeivunja vipande vipande.

Hapo Onofre akatokea, maksai wake wamefungwa nira tayari. Mzee huyu! Akasimama chini ya dirisha.

"Clorinda. Niombe."

"Sikuombi."

"Maji hayo yanakuja."

"Nina macho."

"Bibi, kwa jina la Mungu!" nilipiga kelele. Nilikuwa na hasira naye, nikiiona nyumba yetu inasambaratika kwa ajili ya viazi.

Bibi akatazama maji, akageuka akatazama jiko lake. Halafu akachukua mkate wa moto, akaupitisha dirishani.

"Umekonda. Kula."

Kwetu, ukila chakula cha mwenye nyumba siku ya kuhama, umeikubali kazi. Onofre alilijua hilo vizuri sana. Akauma, akatafuna taratibu, macho yanacheka.

"Chumvi haijakolea."

"Vuta, maneno baadaye!"

Nyumba ikachomoka. Muda si mrefu ilikuwa inaelea, bibi dirishani akipunga mwiko na kuwafokea waliokuwa kwenye mashua, nasi ufukweni tunaruka kama wendawazimu.

Leo mimi ndiye ninayekaa humo. Siku ya kumzika bibi, mvua ilikuwa inamwagika, na wajomba walikuwa bado wanabishana nani aombwe kubeba jeneza hadi makaburini, kule juu kilimani. Nikasikia dirisha linagongwa. Onofre, kalowa chapachapa, kavuka na mashua peke yake, na umri wote ule.

"Nani kakuita, mzee?"

"Hakuna. Kuna mkate?"

Nikampa wa moto, kupitia dirisha lile lile. Akala wote, machozi yanamtoka, akajifuta mdomo.

"Haya, nimekula. Nishike upande gani?"