Konokono wa Kaka

Chuo na idara ya uvuvi walitia saini mkataba wa ushirikiano kwa mbwembwe, picha zikapigwa, na kila upande ukaamini mwenzake ndiye aliyesoma masharti. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chupa za sampuli za utafiti zikahifadhiwa katika ghala la idara, maana paa la chuo lilikuwa linavuja.

Ndani ya chupa moja alikuwamo konokono wa bahari, mweusi, asiye na gamba, ambaye mtafiti wa chuo hakuwahi kumwona katika kitabu chochote. Aliyempata ni kaka yake, mzamiaji wa idara. Siku ya kumchukua alishuka chini mno, akapanda haraka mno, ugonjwa wa wazamiaji ukamkamata, na tangu hapo miguu yake haimtii. Vinasaba vikithibitisha kwamba konokono huyo ni wa aina isiyojulikana bado, angepewa jina la kaka. Ndilo jambo pekee alilouliza kila dada yake alipoingia chumbani.

Asubuhi ya kuchukua kipande cha kupimia vinasaba, mtafiti alifungua chupa pale ghalani, harufu ikampiga puani. Haikuwa spiriti aliyomhifadhia yeye. Ilikuwa fomalini.

"Nani kabadilisha?"

"Mimi," mzee mtunza ghala alijibu kwa bashasha. "Spiriti ilikuwa inakauka, dokta. Nikasema huyu ataoza bure. Hapa kwetu samaki wote tunawatia fomalini. Hebu mwone alivyo mzima!"

Kweli, alikuwa mzima kama aliyelala. Ila fomalini hutunza umbo, vinasaba huviharibu. Chuoni hata wa mwaka wa kwanza anajua hilo, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kuwaambia watu wa idara. Mtafiti alitaka kumtukana yule mzee, akakosa pa kuanzia. Akamshukuru, akatoka, akakaa kwenye ngazi akalia.

Jioni alimkuta kaka yake ameegemezwa mito.

"Haya, niambie. Nimeshakuwa konokono?"

Alimweleza yote bila kupamba, kwa kuwa kaka yake hakuwa mtu wa kudanganyika. Kaka alisikiliza, akacheka kidogo.

"Mzee wa watu, msimlaumu. Na wewe acha kulia, mdogo wangu. Mahali penyewe napajua. Nikipata nafuu nitashuka nikuletee mwingine."

Daktari alikwisha kuwaambia wote wawili, pale pale kitandani, kwamba kaka hatasimama tena.

"Haya, kaka," dada akasema. "Ila safari hii upande polepole."