Kompyuta Bubu

Baba yangu anakuwa kiziwi. Nasema wazi kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu alikuwa analizungukazunguka jambo hilo: "masikio yamechoka," "ni umri tu," kana kwamba sikio ni kitu cha kulazwa kikapumzika. Daktari hakuzunguka. Alisema la kushoto limekwisha kazi na la kulia linafuata, na mwaka ukigeuka tusitegemee kwamba litatofautisha wimbo na kelele.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya maisha yake yote. Tulipotoka kwa daktari hakulia, wala hakuuliza habari za dawa. Aliomba kitu kimoja: ausikilize vizuri ule wimbo wa mashindano kabla sikio halijafunga mlango.

Nieleze wimbo wenyewe. Katikati yake kwaya nzima hunyamaza, halafu sauti ya pili inaingia peke yake, taratibu, kama mtu anayeingia chumba alimolala mtoto. Baba aliwaingiza kwa kugonga stendi yake ya nota kwa kijiti: tk, kidogo tu, wasikie wao, watu wasisikie. Siku ya mashindano sauti ya pili ilichelewa. Majaji waliona, kwaya ikashindwa. Aliyekuwa anaongoza sauti ya pili ni dada yake mkubwa, Shangazi yangu, na Baba alimsema mbele ya waimbaji wote. Shangazi akamjibu, "Hukugonga." Baba akasema, "Niligonga." "Hukugonga!" Wakaachana hapo. Nilikuwa msichana wa shule. Leo nina watoto wanaonizidi kimo, na wale wawili wa tumbo moja bado wanasalimiana misibani tu, tena kwa ncha za vidole.

Rekodi ipo. Fundi mitambo wa siku ile aliweka maiki karibu na stendi ya Baba, na wimbo ulishahamishwa kutoka kwenye kanda hadi kwenye flashi. Nikajiambia, kama kijiti kiligonga, kitasikika. Wausikilize pamoja, wajue, yaishe wakiwa bado wana masikio ya kuyamalizia.

Mume wangu aliposikia mpango huo alitikisa kichwa. "Mama watoto, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime."

"Mimi sina jembe," nikamwambia. "Nina cherehani, na huwa siachi nguo iliyochanika."

Sebuleni kwa Baba kuna amplifaya nzito kama jiwe la kusagia na spika mbili ndefu alizonunua enzi zake na ambazo hakuna mtu anaruhusiwa kuziwekea hata kitambaa juu. Deki yake ya CD ilishakufa. Kwa hiyo tulianza na simu yangu. Kwaya ikaimba, ikanyamaza, ule ukimya wenyewe ukaja, na hapo hapo simu ikalia ting! Mteja anauliza suruali yake. Nikazima mtandao. Basi Baba akataka kurudisha pale pale, kidole gumba chake kikateleza hadi mwanzo wa wimbo, akarudia, kikateleza hadi mwisho. Akairudisha simu mikononi mwangu. Mzee huyu anahitaji kitufe cha kubonyeza, na maandishi anayoyaona.

Nikaleta laptop ya mume wangu. Vitufe vipo, maandishi makubwa, Baba akafurahi. Kwaya ikanyamaza, na kabla sauti ya pili haijaingia, tukasikia fffff.

"Nani anakaanga?" Baba akauliza.

Wote walicheka isipokuwa mimi. Ilikuwa feni ya laptop. Tuliisogeza mbali kwa waya mrefu, Baba akawa hafikii vitufe. Tuliichomeka chaja, spika zikaanza kunguruma. Ukimya ule wa katikati ya wimbo, ambamo jibu la ugomvi wa miaka lilikuwa limelala, ulikuwa umejaa upepo na umeme, na kijiti kama kilikuwepo kilizama humo humo. Nilikasirika. Nilikasirika kama ninavyokasirika sindano inapokatikia kwenye nguo ya harusi, na mimi nikikasirika sikai chini.

Siku iliyofuata nikafunga kibanda changu, nikaingia mjini. Nilijua ninachotafuta: laptop isiyo na feni, betri yake ikae bila chaja, na iwe na tundu la kuchomeka kisanduku changu kidogo kinachopeleka muziki kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye amplifaya. Tatizo lilikuwa kukisema.

"Nataka laptop ya kupigia muziki," nikamwambia muuzaji wa kwanza, "isiyo na sauti."

Akanitazama. "Mama, sasa huo muziki utauangalia?"

Wa pili alinipa yenye taa za rangi kwenye vitufe, akasema hii inaimba kama disko. Wa tatu aliapa kwamba yake haina feni kabisa. Nikatoa uzi kwenye mkoba wangu, nikaushika mbele ya vile vitundu vya ubavuni. Ukacheza. "Na hiki kinachopuliza uzi ni nini, roho?" nikamwuliza. Akadai ni upepo wa mlangoni. Tangu hapo nikawa sisikilizi maneno ya mtu, natoa uzi kwanza. Kelele za barabarani zinaweza kuficha feni, lakini uzi hauna ushabiki. Nadhani hadi jua linapinda nilikuwa nimeshapata jina katika mtaa ule, maana nilipoingia duka moja nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo wa uzi."

Waseme. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na mimi nilikuwa tayari kuingoja.

Duka la mwisho lilikuwa la mama mmoja mnene, miwani ameipandisha kichwani, anauza zilizotumika. Nikamwambia shida yangu kwa maneno yale yale. Hakucheka.

"Isiyo na sauti? Ninayo."

Akainama chini ya meza, akatoa laptop nyembamba iliyochubuka pembeni. Nikamwomba achezeshe video ndefu ili ipate moto. Nikaipapasa tumbo: vuguvugu. Vitundu vya kupumulia hakuna. Uzi ukaning'inia, haukutikisika. Nikamwomba aniruhusu kuingia nayo stoo yake, nifunge mlango. Nikasimama gizani katikati ya maboksi, sikio nimelilaza juu ya vitufe, na sikusikia kitu. Halafu nikashtuka: video ilikuwa inacheza, mtu anafungua mdomo kabisa, na yeye pia simsikii.

Nikatoka. "Mama, mbona haitoi sauti?"

"Si ndiyo uliyoitaka? Spika zake zimekufa zamani. Ni bubu. Hata mimi nilishangaa, lakini nikasema mteja ni mfalme."

Tulitazamana, kisha tukaanza kucheka hadi miwani yake ikamwangukia puani. Alikuwa ameniletea mzigo wake mbovu kwa moyo safi kabisa. Akataka kuirudisha chini ya meza aniletee nyingine, mpya zaidi, yenye spika nne. Nikaishika kwa mikono miwili. Spika za nini mimi? Spika ziko sebuleni kwa Baba. Nikachomeka kisanduku changu na vile visikilizio nilivyobeba, na muziki ukaingia masikioni safi, bila hata punje ya mvumo. Laptop bubu ilikuwa haina cha kuongeza kwenye wimbo wa mtu. Nikakaa nayo pale bila chaja hadi yule mama alipoanza kufagia duka, na betri bado ilikuwa inadunda.

Ikabaki kazi ngumu zaidi. Kesho yake nikabisha hodi kwa Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kama umetumwa na baba yako, rudi."

"Hajanituma. Nimepata mashine ya kusikiliza ule wimbo."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

Nilijua nikibembeleza nimekwisha. "Basi njoo umwoneshe kwamba hakugonga," nikasema. "Njoo asikie mwenyewe, maana mwakani hataweza kusikia."

Hilo la mwisho hakuwa analijua. Akaingia ndani kuvaa viatu.

Alasiri ile Baba alikaa kati ya spika zake mbili, laptop mapajani. Dada yake alipoingia alijaribu kusimama. "Shikamoo, Dada." Shangazi akaitikia, akakaa kwenye kiti cha mbali, upande wa kushoto, mkoba ameukumbatia. Nikafunga madirisha, nikazima friji, nikamwangalia mume wangu kwa jicho la usikohoe.

Baba akabonyeza. Kwaya ikaimba, ikapanda, ikanyamaza. Ukimya ukaja mtupu, mweupe, kama nilivyoutaka. Na ndani yake: tk.

Kisha hakuna kitu. Kisha bado hakuna kitu. Ndipo sauti ya pili ikaingia.

Baba akarudisha. Tk. Akarudisha tena. Tk. Hapakuwa na cha kubishania. Aligonga, na aligonga kwa wakati.

Niliogopa ghafla. Nilikuwa nimeukimbiza ukweli duka hadi duka, sikujiuliza hata mara moja utamwangukia nani. Nilimtazama Shangazi akiwa amejikunyata pale, mama mzima niliyemtoa kwake mwenyewe kuja kuaibishwa, nikajutia uzi wangu. Nikafungua mdomo niseme chochote. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Uligonga," alisema, macho chini. "Siku ile pia nilikisikia kijiti. Ila mlikuwa mmeimba vizuri mno, mdogo wangu. Nikabaki nasikiliza, nikasahau kwamba na mimi ni mwimbaji. Nilipozinduka nimeshachelewa, na wewe umeshanisema mbele za watu, basi nikashindwa kukubali. Nilichelewa mimi. Nisamehe."

Baba aligeuza uso, akaweka kiganja nyuma ya sikio la kulia.

"Sikusikia. Sema tena."

Shangazi akavuta pumzi. "Nilichelewa mimi! Nisamehe!"

"Eh?"

"NILICHELEWA! MIMI! NISAMEHE!" Alipaza sauti kwa nguvu zote za kifua kilichoongoza sauti ya pili, hata jirani akachungulia juu ya ukuta.

Baba alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka. "Nilisikia tangu mara ya kwanza, Dada," alisema. "Na mimi unisamehe, kwa kukusema mbele za watu. Nilikuwa naitaka tu hiyo sauti, kabla haijanipotea."

Shangazi alimpiga begani na mkoba. Kisha akakibeba kiti chake mwenyewe, akazunguka nacho nyuma ya Baba, akakaa upande wa kulia.