Tela la Mama Asali

Jeshi liliponadi vifaa lisivyovihitaji tena, watu wengi walikwenda kusaka mabuti na makoti. Mama Asali alikwenda kutafuta turubai la kufunikia mizinga yake ya nyuki, akarudi na tela zima. Mumewe alilizunguka lile dude pale uani, akaligonga kwa kifundo cha kidole, kisha akauliza kwa upole kama vita vingeanza kabla ya chakula cha mchana au baada.

Mama Asali alikuwa ameshakata shauri. Kila alizeti zilipochanua ng'ambo ya vilima, alikodi lori la mchanga kuwapeleka nyuki wake huko, na kila mara mizinga ilifika imegongana, nyuki wamechachamaa. Tela hili lilikuwa na springi imara. Alitaka kulifunga nyuma ya pikapu na kuondoka kesho yake.

Aliyemzuia ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa malori wa zamani ambaye sasa alikuwa fundi wa kuchomelea.

“Shemeji, kulivuta utalivuta,” alimwambia. “Kulisimamisha je?”

Akamwonyesha. Pete ya chuma iliyokuwa mbele ya tela ilitengenezwa kwa ndoano ya gari la jeshi, haikuingiliana kabisa na kile kidude cha kuvutia tela cha pikapu. Taa zake zilitaka umeme wa lori, mkubwa kuliko wa pikapu. Na tela lenyewe, tupu, lilishakula nusu ya uzito ambao pikapu iliruhusiwa kuvuta, kwa hiyo mizinga yote isingekwenda kwa safari moja. Mama Asali alinuna siku ile nzima. Kesho yake akamletea shemeji chai karakanani, akamwambia aanze kazi.

Shemeji akafunga ndoano inayolingana na ile pete, akaikaza kwenye chesisi ya pikapu. Akaongeza minyororo miwili iliyopishana chini yake, ili ndoano ikifyatuka tela lisiende zake peke yake. Akabadilisha taa, akafufua breki. Ile rangi ya kijani ilibidi itoke, maana sheria haimruhusu raia kutembea na rangi za jeshi. Mama Asali akachagua krimu, kwa kuwa nyuki hawapendi rangi nzito. Mkaguzi akalipitisha, likapata namba na bima yake.

Ikabaki leseni ya kuvuta tela, na hapo ndipo jasho lilipomtoka. Alikwenda kujifunza kurudi nyuma kwenye uwanja wa mpira uliokuwa mtupu. Akikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Akilifuata, linajikunja kama linataka kumchungulia dirishani. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Mama Asali hakukata tamaa, na siku ya mtihani aliliingiza tela mahali pake taratibu, uso mkavu.

Jioni ya kuamkia safari alipakia mizinga mwenyewe, nyuki walipokwisha kurudi ndani. Ile mizito aliiweka nyuma kabisa, apate kuishusha kwanza. Alfajiri shemeji alikuta wavu umeshafungwa, akapanda tu.

Kwenye mteremko wa kwanza tela likaanza kutikisa mkia. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwa Mama Asali. Mguu wake ulikuwa tayari juu ya breki.

“Usikanyage,” shemeji alisema kwa sauti ya chini. “Achia mafuta. Nyoosha usukani, usishindane nalo.”

Akaachia. Tela liliyumba mara chache zaidi, likatulia. Akatoka nje ya barabara, akazima gari, akabaki ameushika usukani hadi pumzi ilipomrudia. Shemeji alichungulia chini ya wavu, akauliza mizito iko wapi. Alipoambiwa, hakumlaumu, alisema tu kwamba mzigo ukiwa nyuma unaiinua pikapu mgongo, tela likaanza kuyumba.

Wakaweka pembetatu za tahadhari, wakavaa mavazi meupe na kofia za wavu, wakaanza kuhamishia mizito mbele. Askari wa usalama barabarani akasimamisha pikipiki kuwatazama. Alipoambiwa ndani kuna nini alirudi hatua kadhaa, na ukaguzi wote akaufanyia hukohuko: akaomba taa ziwashwe, akaitazama minyororo, leseni akaiomba inyooshwe juu aisome.

“Hili si la jeshi?” akauliza.

“Lilikuwa,” Mama Asali akajibu. “Limestaafu.”

Askari akacheka, akawapungia mkono waende.

Sehemu iliyobaki ya safari tela lilifuata kama mbuzi aliyezoea kamba. Walifika umande haujakauka, shamba zima likiwa njano. Walipanga mizinga kando ya alizeti, Mama Asali akazibua milango mmoja mmoja. Nyuki wakatoka, wakazunguka kidogo kuisoma sehemu, wakaenda mauani bila fujo.

Akampigia mumewe kumwambia wamefika salama. Kisha akavua kofia, akakaa kivulini na shemeji yake, wakala mkate wakisikiliza mvumo wa nyuki ukisambaa shambani.